Mnara Upande wa Kushoto

Dobi tunayemzungumzia hajawahi kupanda meli. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kusimama mbele yake ni yale ya beseni la kulowekea mashuka, na hata hayo yakijaa sana humtia wasiwasi. Lakini mwulize manowari fulani ilikuwa na mizinga mingapi mbele na mingapi nyuma, atakujibu. Atakujibu ukiwa na subira, maana ni mtu mwenye haya. Kwanza atakohoa. Kisha atatazama viatu vyako kana kwamba umevileta vipigwe pasi. Kisha atachukua nguo iliyo karibu aikunje, hata kama imekwisha kukunjwa, ndipo jibu litoke, nusu yake ikiwa imebaki kooni.

Mkewe ndiye mdomo wa kazi ile. Chumba chao cha kazi kiko mbele ya nyumba, mlango wake unatazama barabara. Meza ya pasi imevikwa blanketi kuukuu, na juu yake shuka lenye alama za kahawia za pasi zilizosahaulika. Kwenye waya uliovutwa ukuta hadi ukuta yananing'inia mashati yaliyo tayari, yamebanana mabega kama watu kwenye foleni. Mke hukaa kwenye kiti karibu na mlango, kopo la vifungo mapajani, akishona vilivyong'oka na kupokea wateja. Zamani mume alijaribu kuwapokea mwenyewe. Mtu akiuliza, "Suruali yangu tayari?" yeye alisema tayari, kwa kuwa aliona aibu kumwambia mtu mzima ngoja. Watu wakawa wanaondoka na suruali mbichi. Mke akamwambia, "Wewe ongea na pasi. Watu niachie mimi."

Manowari zilianza kwa sababu ya taka. Shati jipya likiletwa linyooshwe mikunjo ya dukani, huja na karatasi ngumu mgongoni, kipande cha plastiki kolani, na pini zisizo na idadi zilizojificha kila mahali zikingoja vidole. Wateja huviacha vyote. Madobi wengine huvitupa. Huyu hakuweza kutupa kitu kilichonyooka namna ile. Akaanza kukata. Karatasi ngumu ikawa ubavu wa meli, plastiki ya kolani ikawa vioo vya chumba cha nahodha, pini ikikatwa kichwa ikawa mtutu wa mzinga, na uzi mweusi wa mkewe ukawa kamba za mlingoti. Rangi ya kijivu aliipata kwa kuchanganya rangi nyeupe ya madirisha na dawa nyeusi ya viatu. Ndiyo maana meli zake zote za vita zina harufu ya mtu anayekwenda harusini.

"Admirali," mkewe humwita, "uzi wangu mweusi umeuona?"

"Uzi upi?"

"Ule uliofungia lile jiko lako linaloelea."

"Si jiko, mama. Ni manowari."

"Haya. Mwenye koti jeusi akija nitamwambia vifungo vyake vimekwenda vitani."

Usidhani ugonjwa huo ni wake peke yake. Wako watatu. Wa pili ni fundi saa mwenye duka kwenye kona, mwembamba, aliyezoea kuitazama dunia kwa jicho moja lenye kioo. Wa tatu ni seremala wa vitanda, mtu mwenye mikono mikubwa hata huwezi kuamini kwamba mikono hiyohiyo huchonga mashua ndogo kama punje ya mchele. Kila mmoja ana kitabu chake. Seremala ana kimoja kisicho na jalada, kinachoeleza nanga na mashua za kuokolea watu, basi. Dobi ana kijitabu chembamba cha bendera na rangi za majeshi ya majini, ambacho hukitoa kwa kuomba radhi. Na fundi saa ana Kitabu. Ukisema "Kitabu" tu, wote wanajua. Ni kizito kama tofali, kimevikwa kitambaa cha plastiki cha mezani chenye maua, kimejaa picha za manowari za dunia nzima, na maandishi ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeijua isipokuwa tarakimu. Lakini mtu ukishajua urefu na upana, mengine ni porojo.

Vitabu hivyo huzunguka. Anayejenga hukaa na Kitabu mpaka amalize, kwa masharti ya mwenye mali: hukifungui ukiwa unakula, hukunji pembe ya ukurasa, wala hulambi kidole kufunulia. Seremala aliwahi kulamba kidole mbele ya macho ya fundi saa. Alinyimwa Kitabu mpaka mvua zikapita na nyingine zikaja, na kwa hasira akajenga meli ya kubuni yenye mabomba manne ya moshi na isiyo na mlango hata mmoja.

Meli ikimalizika, huletwa Jumapili mchana dukani kwa fundi saa, duka likiwa limefungwa. Huwekwa mezani kando ya ukurasa wake. Wawili huitafutia kosa, na aliyeijenga hunyamaza. Ikipatikana na kosa, inarudi nyumbani na mwenyewe. Isipopatikana nalo, inapanda dirishani, lile dirisha kubwa la duka ambalo mji mzima hupita mbele yake. Hapo zilikuwepo meli mbili za fundi saa na moja ya seremala. Ya dobi haikuwepo. Miaka yote, haikuwepo. Mara mashua imezidi, mara nanga imeshuka mno, mara ngazi imesahaulika. Hakulalamika. Lakini kila alipopeleka nguo kwa wateja wa upande ule, alizunguka njia ndefu ili apite mbele ya dirisha, akaitazama ile nafasi tupu mwishoni, kati ya saa ya mezani na ukuta, na roho yake ikaketi pale.

Mkewe alilijua hilo bila kuambiwa. Mwanamume hachukui njia ndefu namna ile, makoti yakiwa yamemlemea mkononi, bila sababu. Na mke akishahakikisha kwamba sababu si mwanamke mwingine, hutulia na kuanza kucheka.

Safari hii dobi alichagua manowari ya kubeba ndege. Kitabuni zilikuwemo nyingi, zote zina sitaha bapa kama meza ya pasi, labda ndiyo maana alizipenda, na kila moja ina mnara mmoja wa kuongozea, umesimama ukingoni upande wa kulia. Zote kulia, isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa na picha moja tu, imepigwa kutoka mkiani ikitazama mbele. Maofisa wawili wamesimama karibu wakitabasamu, ndege zimepangwa nyuma yao, na mnara uko upande wa kushoto.

Alipouona, alikibeba Kitabu mpaka dukani.

"Fundi, huu... mnara huu..."

"Una nini?"

"Uko kushoto."

Fundi saa alitia kioo chake jichoni, akainama. "Uko kushoto," akakubali.

"Nyingine zote uko kulia."

"Dobi, duniani kuna watu wa mkono wa kushoto, au hakuna?"

"Wapo."

"Basi na meli vilevile. Kitabu hakikosei, bwana. Kitu kizito namna hii kikosee?"

Hoja hiyo haikuwa na pa kushikia. Dobi akarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeokota almasi njiani. Meli za mnara wa kulia mtu yeyote angeweza kujenga. Ya kushoto, ndiye yeye.

Akajenga. Ndege alizikata kwenye matyubu ya dawa ya meno yaliyokwisha, na kwa muda mrefu hakuna tyubu iliyotupwa nyumbani kwao kabla ya kukamuliwa mpaka ikaomba msamaha. Mashua, mizinga, ngazi, bomba la moshi, kila kitu kilikaa mahali picha ilipokiweka. Jumamosi alasiri, pasi ikiwa inapoa, akabandika ndege ya mwisho, akarudi nyuma hatua moja, akaitazama, na hakuona pa kuongeza.

"Mama watoto, njoo uone."

"Nimeshaona. Ya kijivu."

"Njoo uione na picha yake."

Mke akaichomeka sindano kwenye kola ya gauni lake, akaja. Akatazama meli. Akatazama picha. Akatazama meli tena. Mume akasimama kando akikunja foronya iliyokwisha kukunjwa.

"Sawasawa kabisa," akasema mke. "Sina la kuongeza."

Dobi akatabasamu ndani ya foronya.

"Ila hawa wanaume wako, nani aliwavalisha?"

"Wanaume gani?"

"Hawa wawili. Wamevaa mashati ya kike."

"Mama, hao ni maofisa wa jeshi!"

"Sibishani na vyeo vyao. Natazama vifungo. Shati la kiume, vifungo viko kulia kwa mvaaji, upande wenye matundu unalala juu. La kike kinyume chake. Hawa vifungo vyao viko kushoto. Na mfuko, tazama, mfuko mmoja wa kifuani umekaa kulia. Shati la kiume la namna hiyo umeliona wapi wewe?"

Dobi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa ukurasa, jambo ambalo fundi saa angelitia kwenye masharti kama angelifikiria. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akajipapasa kifua chake mwenyewe kutafuta vifungo vyake viko wapi. Kinyozi hajinyoi. Mtu amenyoosha mashati tangu ndevu hazijaota, mashati mawili yamesimama mbele yake miezi na miezi yakimtabasamia, naye alikuwa akitazama bomba la moshi.

"Labda kwao ndivyo wanavyovaa," akasema kwa sauti ndogo.

Mke alikwenda ukutani akakitungua kioo cha wateja, kile cha kujaribia nguo, akakisimamisha kando ya Kitabu. Ndani ya kioo maofisa wakawa wanaume tena, vifungo kulia, mfuko kushoto. Na nyuma yao ule mnara ukawa umehama, umesimama kulia kama wenzake wote.

"Aliyechapa kaigeuza picha," akasema mke. "Kama mtu aliyepiga pasi shati ndani nje."

Dobi akakaa juu ya fungu la nguo chafu.

"Basi si uhamishe huo mnara tu?"

"Si mnara tu. Mashua ziko upande usio wao. Mizinga. Ngazi. Ndege nazo. Yote."

Hapo kicheko kikamshinda mke. Kilianzia puani, kikashuka mabegani, mwishowe akashika meza ya pasi asianguke. "Admirali! Maofisa wawili wamekuja mbele yako na blauzi, ukawapigia saluti!" Akafuta machozi kwa pindo la kanga, akamtazama mumewe ili acheke naye, akakuta hacheki. Alikuwa akiitazama ile meli kama mtu anayetazama gari likiondoka bila yeye. Mke akakumbuka dirisha. Kicheko kikaisha.

Akavuta kiti chake, akakaa karibu. "Sikiliza. Hao wenzako kesho watatazama nini? Meli na Kitabu. Na meli na Kitabu ni kitu kimoja. Mimi sijasema neno. Mimi ni mshona vifungo tu."

"Lakini si kweli."

"Ni kweli ya Kitabu."

"Itakaa dirishani, watu wote wakiiona."

"Watu gani? Nitajie mmoja katika mji huu anayejua mnara hukaa upande gani."

Dobi akafikiri sana.

"Wewe."

"Mimi nitakuwa napita ng'ambo ya barabara."

Kesho yake mchana aliibeba meli juu ya sinia, ameifunika kwa kitambaa alichokipiga pasi mara mbili. Njiani alifanya mazoezi ya maneno. Alikuwa na maneno ya aina mbili: ya kushukuru, na ya kusema ukweli. Alijua pumzi yake. Ingetosha moja tu. Alipofika kwenye kona akawa ameamua ya kushukuru. Akayarudia mara kwa mara, akayaona yamenyooka vizuri.

Dukani saa za ukutani zilikuwa zikibishana kama kawaida, kila moja na majira yake, maana nzima hazina haja ya kuletwa pale. Dobi aliweka sinia mezani, akafunua. Seremala akafunga mikono yake mgongoni, kwa kuwa haruhusiwi kugusa meli ya mwenzake, akazunguka meza ameibana pumzi isije ikapeperusha ndege. Fundi saa akatia kioo jichoni, akawa anasoma meli kidogo, Kitabu kidogo.

"Nanga?"

"Ipo," akasema seremala. "Na imekaa penyewe, safari hii."

"Mashua?"

"Zipo zote. Nimezitamani."

"Ngazi ya pembeni?"

"Ipo. Bwana, natafuta kosa mpaka nimeanza kuona njaa."

Fundi saa alinyooka, akakitoa kioo jichoni, na jicho lake likaonekana dogo na lenye furaha. "Dobi," akasema, "umetuweza." Akaenda dirishani, akaisogeza saa ya mezani, ile nafasi ikawa pana. Akarudi, akalinyanyua lile sinia kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto wa watu. Seremala akawa anapiga makofi kwa vidole viwili, taratibu.

Dobi akafungua mdomo kushukuru. Kilichotoka ni, "Vifungo."

"Nini?" akauliza fundi saa.

"Vifungo vyao. Vya kike."

Wanaume wale wawili wakainama kutazama mashati yao wenyewe, kila mmoja kwa wasiwasi wake.

"Si nyinyi," akasema dobi. Na kwa kuwa maneno yalikwama hapo, akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu: akanyoosha mkono, akamshika fundi saa sehemu ya kifua cha shati, akamgeuza amwelekee seremala. Hiki kifungo, hiki hapa. Huu mfuko, huu hapa. Kisha akaweka kidole juu ya ofisa wa kwanza kitabuni, bila kukigusa kabisa. Kifungo. Mfuko. Halafu wa pili. Halafu kidole kikapanda taratibu mpaka kwenye mnara, kikabaki hapo.

Seremala akatazama kifua cha fundi, akatazama ukurasa.

"Picha imegeuzwa," akasema seremala mwishowe. "Nani kaliona hili?"

"Mke wangu."

"Shemeji? Basi imekwisha. Hapo hakuna rufaa."

Fundi saa alikuwa bado ameshika sinia. Alikitazama Kitabu chake kama baba aliyeitwa shuleni kuelezwa mambo ya mwanawe. "Meli imefuata Kitabu," akasema. "Sharti letu ni hilo, meli ifanane na Kitabu. Kosa si la dobi. Inapanda."

"Mteja akinichorea kitanda kichwa kiko miguuni nami nikakitengeneza," akasema seremala, "kitanda hicho ni kibovu hata kama amechora mwenyewe. Nasikitika, ndugu yangu, lakini irudi."

"Inapanda."

"Irudi, bwana!"

Haijawahi kutokea hivyo. Siku zote waliona kosa pamoja au wasilione pamoja. Mmoja huku, mmoja kule, na katikati sinia limesimama hewani. Wakageuka wote wawili kumtazama mtu ambaye kwa desturi hunyamaza.

"Sema wewe," akasema fundi saa.

Dobi akakohoa. Akatazama viatu vyao. Akachukua kile kitambaa kilichofunika meli, akakikunja mara moja, mara ya pili, tena na tena, mpaka kikawa kama kiberiti na hakikunjiki tena. Alilitazama dirisha. Nje watu walikuwa wakipita na nguo zao za Jumapili, na mmoja alisimama kutazama meli za humo ndani, akaendelea na safari zake.

"Irudi," akasema dobi.

Fundi saa akalishusha sinia mezani polepole. Kisha akafungua droo, akatoa penseli, akaichonga kwa kisu cha kufungulia saa, akampa dobi. "Andika hapo chini ya picha," akasema. "Usikandamize."

"Ndani ya Kitabu?"

"Kwani nimesema ukutani?"

Seremala akaruka. "Mimi nilamba kidole nifukuzwe, huyu anaandika!"

Dobi akaandika kwa mwandiko wake wa shule, mkubwa, wa kuegemea upande mmoja: *Picha imegeuzwa. Angalia vifungo.*

Aliporudi nyumbani, mkewe alikuwa amekaa mlangoni bila kazi mkononi, jambo la nadra. Aliliona lile sinia tangu mbali.

"Wameikataa."

"Seremala ameikataa. Fundi ameikubali."

"Mmoja kwa mmoja. Sasa?"

"Wakaniuliza mimi."

Mke akamtazama mumewe juu hadi chini, kama anayetazama shati la mteja kabla ya kulipokea. Akampokea sinia, akaingia nalo ndani, akaliweka juu ya meza ya pasi. Akaziondoa nguo za watu pembeni. Kisha akatoa kwenye kopo lake kile kiwembe anachokatia nyuzi za vifungo vibovu, akakaa, akajisogeza mbele ya meli ambayo hajawahi kuigusa hata kwa kuifuta vumbi.

"Haya. Tunaanza na nini?"

"Wewe?"

"Mimi nina macho. Wewe utaniambia majina. Tunaanza na nini?"

"Mnara," akasema dobi, akavuta kigoda.

"Unakwenda kulia. Kulia kwangu au kulia kwako?"

"Kulia kwa meli."

"Na yenyewe inatazama wapi?"

"Mlangoni."

Mke akageuka akautazama mlango, akaitazama meli, akainua mkono wake wa kulia, akaushusha, akainua tena. "Ishike vizuri, Admirali," akasema. "Isisogee."

Dobi akaishika meli kwa vidole vya mikono miwili, karibu na vya mkewe. Wembe ukaingia chini ya mnara polepole. Gundi ikatoa sauti kama kifungo kinachong'oka.